Mazishi kwa Faida ya Taifa

Kobina Essuman alimzika mama mkwe wake redioni, Jumanne saa moja na nusu asubuhi, kabla ukoo haujatoa ruhusa na kabla mkewe hajamaliza kufunga kenkey za siku ile.

Mkewe, Araba, alikuwa uani kwao Swedru, amekaa kwenye kigoda mbele ya karai la unga wa mahindi uliochachuka, anatengeneza madonge na kuyafunga kwa majani makavu ya mgomba. Redio hakuwa nayo, wala hakuihitaji. Fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara alikuwa na yake, muuza vocha na yake, kinyozi Attobrah na yake, na zote asubuhi hufunguliwa stesheni ile ile. Kwa hiyo sauti ya mumewe ilipoingia hewani ilimfikia kutoka pande tatu, akawa kama mwanamke mwenye waume watatu wanaosema neno moja.

Kobina mwenyewe alikuwa chumbani, mlango kaufunga, simu sikioni. Tangu astaafu ukarani wa mizani ya kakao, kazi yake ilikuwa kupiga simu redioni. Mji mzima ulimjua kwa jina la Mzee wa Mizani. Siku moja alipima bei ya sementi, siku nyingine akapima mwendo wa vijana wa siku hizi, na hakuna siku aliyokosa uzito wa kutaja.

"Mzee wa Mizani, swali la leo umelisikia?" aliuliza mtangazaji. "Waziri kasoma bajeti. Matumizi yamezidi mapato, pengo ni kubwa. Tunauliza wananchi: wewe binafsi uko tayari kuacha nini ili nchi ipumue? Mpaka sasa mmoja kaacha bia ya Jumatatu. Mama mmoja kaacha nywele za bandia mpaka Pasaka. Na jamaa wa Nsaba anasema yuko tayari kumwachia waziri mke wake."

"Hao wanacheza," alisema Kobina. "Bia ya Jumatatu! Si Jumanne atakunywa mbili? Kujinyima ni lazima kuume, bwana mtangazaji."

"Basi tutajie wewe kinachouma."

Pakawa kimya. Araba alikijua kimya kile. Ndicho alichokaa mumewe miaka ishirini na tisa iliyopita, kabla hajamwambia baba mkwe kwamba ana nyumba mbili, wakati alichokuwa nacho ni baiskeli moja.

"Mama mkwe wangu yuko kwenye jokofu la hospitali," alisema Kobina. "Wiki ya tisa hii."

"Pole sana, mzee."

"Asante. Sasa tupime. Jeneza tunalolitaka limetoka nje, linalipiwa dola. Kitambaa cha ukoo, nje. Mchele wa wageni, nje. Kuku wa barafu, nje. Wamekufa kabla ya mama mkwe na wamesafiri kumzidi. Familia elfu moja tukizika hivi, dola za nchi zinakwenda wapi? Zinakwenda ardhini! Kwa hiyo mimi Essuman natangaza. Mama mkwe wangu anazikwa Jumamosi hii. Jeneza la fundi wa hapa hapa, mbao za wawa. Kila mtu avae kitambaa chake cha zamani. Chakula ni kenkey na samaki. Saa sita mchana tumemaliza, kila mtu kwake. Hilo ndilo ninalolitoa kwa taifa langu."

Mtangazaji alipiga makofi hewani. Ng'ambo ya barabara fundi baiskeli aliinua kichwa, spana mkononi.

"Maame Araba! Kumbe ni Jumamosi?"

"Kumbe," alisema Araba. Donge lilikuwa limemponyoka, limelala mavumbini. "Na mimi ndiyo nasikia sasa hivi."

&nbsp;

Kobina alitoka chumbani uso unang'aa kama mtu aliyetoka kubatizwa.

"Mama Aba, umenisikia? Kanipigia makofi! Yule hampigii mtu makofi."

"Baba Aba, yule mama ni wako?"

"Ni mkwe wangu."

"Ni wa ukoo. Maiti ni ya ukoo, siku ni ya ukoo, saa ni ya ukoo. Wewe kazi yako ni kuleta blanketi, mto, sabuni na manukato, ukae kwenye viti vya wakwe ufunge mdomo. Umekwenda kutangaza mbao! Mbele ya Nsaba na Nyakrom na dunia nzima umetangaza mbao!"

"Wawa ni mbao nzuri. Ni nyepesi tu."

"Mama yangu ni sanduku la nyanya?"

Kobina akaanza kueleza habari za dola, akaona macho ya mkewe, akakumbuka kwamba ana mtu wa kumwona mtaa wa tatu.

Araba aliokota donge, akalirushia kuku. Alikuwa na hasira, hasira ya haki kabisa. Lakini kabla ya ile hasira kufika, pale pale mumewe alipotaja Jumamosi, kitu kingine kilikuwa kimempita kifuani, baridi na kitamu kama maji ya mtungini. Alikuwa amepata nafuu. Na kwa nafuu ile alijionea haya hata akashindwa kumtazama yule kuku.

Kisa chake kilikuwa hiki, na mumewe hakukijua chote. Kwenye kikao cha kwanza cha msiba Araba, kwa kuwa ndiye mtoto mkubwa wa marehemu, alinyoosha mkono mbele ya wote akasema jeneza na chakula ni juu yake. Jeneza la nje, lenye vishikio vya rangi ya dhahabu. Alisema hivyo kwa sababu mama mdogo wake, Kwansima, alikuwa akimtazama. Sasa Ijumaa hii alikuwa na miadi na mkopeshaji wa sokoni: cedi elfu ishirini na tano, na rehani ni jiko lake la kenkey pamoja na kiwanja liliposimama. Ni lile jiko alilolianzisha mama yake kwa sufuria moja, ambapo leo wanawake watatu wanapata riziki pamoja naye. Alikuwa amekwisha piga hesabu ya riba vidoleni, kwenye vidole vya mikono na vya miguu, na kila mara jiko lilikwenda.

Kabla ya saa nne mjumbe alifika. Mkuu wa ukoo, Nana Otabil, anamwita mkwe nyumbani kwa ukoo. Saa kumi jioni. Aje na msemaji.

&nbsp;

Mkwe hafungui kinywa mwenyewe mbele ya ukoo, husemewa. Wazee wote waliozoea kumsemea Kobina walikuwa na udhuru siku ile, ikabidi aende na Attobrah kinyozi, ambaye alikubali kwa sharti la kunyoa kwanza vichwa viwili vilivyokuwa vinasubiri.

Watu ishirini na sita walikuwa wamekaa duara uani. Nana Otabil alikuwa katikati, mzee mwembamba aliyeendesha malori ya magogo nusu ya umri wake na bado hukaa kwenye kiti kama ameshika usukani. Marehemu alikuwa dada yake mkubwa. Kando yake alikuwa Kwansima, mdogo wao wa mwisho, mwanamke mwenye kifua kipana na sauti pana kukizidi.

"Mkwe avue viatu," alisema Nana.

Kobina akavua ndala, akashusha kitambaa begani kama ilivyo adabu ya mkosaji, akasimama peku kwenye changarawe. Kwa mara ya kwanza watu waliona kwamba Mzee wa Mizani ana miguu midogo kama ya mtoto wa shule. Mtu mmoja nyuma alikohoa, lakini hakuwa na kikohozi.

"Dada yangu Tawia!" Kwansima alikuwa amekwisha simama. "Dada yangu aliyelisha mji huu! Azikwe kwa mbao za wawa, kama kreti la soda? Watu wa Nyakrom wamemzika bibi yao juzi kwa bendi mbili. Bibi mwenyewe alikuwa kiziwi! Sisi tumekosa nini? Nani alikutuma, mkwe? Waziri ni mjomba wako?"

"Mkwe anasema," alisema Attobrah, "waziri si mjomba wake."

"Sijamuuliza ajibu!"

"Mkwe anasema hajajibu."

Nana akainua mkono. Alimtoza Kobina faini ya kondoo mmoja na chupa mbili za pombe ya jini. Attobrah alisema mkwe anakubali, anashukuru, na anaomba ajulikane kwamba nia yake ilikuwa safi ingawa mdomo wake haukuwa. Kobina alimgeukia kwa mshtuko. Hakuwa amesema hayo. Araba, aliyekuwa amekaa upande wa ukoo wake, aliinamisha kichwa asionekane anacheka.

Watu walidhani yamekwisha. Nana akajiegemeza nyuma.

"Sasa," alisema. "Mji umesikia kwamba sisi ni watu wa mbao. Aibu hii dawa yake ni moja. Msiba tuukuze. Mahema tulisema arobaini, yawe themanini. Ng'ombe mmoja, wawe wawili. Bendi itoke Cape Coast. Mchango ulikuwa cedi mia tano kwa kila mtu mzima. Uwe elfu moja. Uletwe kesho kabla ya jua kuzama. Na kesho hiyo hiyo kila mmoja aje amevaa kitambaa cha ukoo tulichokichagua, nikione kwa macho yangu. Mwenye neno?"

Duara zima lilikuwa likitazama changarawe kana kwamba kuna mtu kadondosha sindano.

"Ebo," alisema Nana. "Wewe mwalimu. Kitambaa unacho?"

"Ninacho, Nana. Kiko kwa fundi."

"Vizuri. Na wewe?"

"Kwa fundi, Nana."

"Na wewe?"

"Changu pia kiko kwa fundi."

Alizunguka duara zima bila haraka, kama dereva anayehesabu magogo, na kila alipofika kitambaa kilikuwa kwa fundi. Alipomaliza akakuna kidevu.

"Huyo fundi ana mikono mingapi? Maana muuza vitambaa alinipigia Alhamisi analia. Kaagiza vipande arobaini kwa ajili yetu. Vimechukuliwa viwili. Kimoja ni changu, nimekichukua kwa mkopo. Cha pili kachukua Kwansima."

Macho yote yakamwendea Kwansima. Alijinyoosha kwa fahari, akapokea macho yale kwa muda unaostahili. Kisha fahari ikaanza kumtoka kidogo kidogo.

"Nilikirudisha," alisema.

"Ulikirudisha?"

"Ijumaa iliyopita. Nilikitazama vizuri juani. Uzi wake hauna nguvu."

Hakuna aliyecheka, ukoo ulikuwa bado una adabu. Ila Ebo mwalimu alisimama, akasafisha koo.

"Nana, mimi nafundisha uraia darasa la sita. Nikilitazama hili neno la mkwe, ukiliondolea utovu wa adabu wote uliomo, naona kama ndani yake kuna... kuna taifa."

"Kuna taifa," alisema mtu nyuma yake haraka.

"Hizo dola kweli zinakwenda, tusidanganyane."

"Na kuku wa barafu hata tumbo haliwataki."

"Mimi tangu mwanzo nilisema, tuiangalie nchi."

"Ulisema lini?"

"Nilisema kwangu."

Uzalendo ukaenea uani kama harufu ya samaki wa kukaanga. Mtu mmoja aliyekuwa hajalipa ushuru wa soko tangu mwaka juzi alisema kwa uchungu kwamba wananchi wakikataa kujinyima serikali itafanya nini. Hata Kwansima, akiwa anajipepea, alisema dada yake aliipenda sana nchi hii.

"Lini?" aliuliza Nana.

"Siku zote. Kimyakimya."

Nana akamgeukia Araba. "Wewe ndiye mtoto mkubwa. Jeneza la nje uliliahidi wewe, na chakula uliahidi wewe. Hatuwezi kukuvunjia ahadi yako bila kukuuliza. Unasemaje?"

Njia ilikuwa nyeupe mbele yake. Angesema taifa tu, neno moja, na kila mtu angeitikia. Araba akasimama, na neno taifa likakataa kutoka.

"Nana, mimi hayo ya bajeti siyajui," alisema. "Mimi sina hela. Ijumaa nilikuwa niende kuweka rehani jiko. Riba yake siiwezi, ningelipoteza kabla ya mvua zijazo. Nilinyoosha mkono kwa sababu niliona haya. Nampenda mama yangu, na sina hela. Ndiyo neno langu."

Akakaa. Alingoja kicheko, au lile teke la ulimi ambalo Kwansima alilijua kulipiga kuliko mtu yeyote Swedru.

Kobina alikuwa amegeuka kumtazama, peku pale, mdomo wazi, na kwa mara moja katika maisha yake hakuwa na uzito wa kutaja.

Aliyesema ni Kwansima. "Jiko lipi?"

"Jiko, mama mdogo. Lile."

"La dada?" Sauti ile pana ilikuwa imekuwa nyembamba. "Pale nilipolala mimi kwenye magunia alipoachwa na mume, tukapika na mtoto mgongoni? Ndilo ulilotaka kuweka rehani utuchinjie ng'ombe?" Akaacha kujipepea. "Na mimi nisingekataa. Ningekula ile nyama na kusema haina chumvi." Akainamisha uso. "Mimi ile mia tano ya kwanza sijalipa, Nana. Andika hivyo. Sina."

Basi ikawa kama mtu kafungua mlango. Ebo hakuwa nayo. Watu wa nyuma hawakuwa nayo. Mmoja alikuwa ameuza pikipiki ili apate, akaitumia kwa karo ya mtoto. Kila aliyesema alikaa chini akiwa mwepesi, na mabega yakashuka uani kote. Mwisho wakamtazama mkuu wao.

"Mnanitazama nini?" alisema Nana Otabil. "Nimesema kitambaa changu ni cha mkopo. Mlidhani mahema themanini ningeyatoa wapi, mfukoni?" Akacheka, kicheko cha dereva aliyefika mwisho wa mteremko na breki mbovu. "Wiki tisa! Wiki tisa nangoja mtu mzima mmoja aseme hana. Kila siku jokofu linadai, na ninyi mnaniambia fundi, fundi."

Akakaa vizuri.

"Jumamosi. Saa tatu asubuhi dada yangu anatoka, saa sita tumemaliza. Huko mjini mtakapoulizwa, semeni ni kwa faida ya taifa. Haya mengine ni ya humu ndani."

Attobrah akainua kidole. "Nana, mkwe anauliza: ikiwa ni kwa faida ya taifa, faini ya kondoo nayo haiwezi kupunguzwa?"

"Kondoo ni wa hapa hapa. Hahitaji dola. Amlete."

&nbsp;

Walirudi kwa miguu, Kobina mbele, ndala mkononi, kwa sababu changarawe ilikuwa imemchubua na sasa ndala zilimuuma. Walipofika njia panda ya hospitali akageuka.

"Ungeniambia," alisema. "Habari za rehani. Mimi ni mumeo."

"Ningekuambia wewe, si ungetangaza?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa mizani, na kwa mizani yake akaona ni kweli.

"Ningetangaza," alikiri.

Hapo ndipo Araba alipocheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya taa, na mumewe akasimama kumngoja, hajui kama amesamehewa au bado. Alikuwa amesamehewa. Ila kwa kuwa alikuwa na kondoo wa kununua, Araba aliona heri asiambiwe mpaka kesho.

&nbsp;

Ijumaa asubuhi Kwansima alipiga simu redioni, akaueleza mji kwamba wazo lote lilikuwa lake, na kwamba mkwe alikuwa ametumwa tu kuujaribu umma. Kobina alisikiliza kutoka kitandani, akataka kupiga kukanusha. Araba akaichukua simu, akaiweka chini ya karai.

Jumamosi wakamzika Maame Tawia. Jeneza lilikuwa la mbao za wawa, limepigwa rangi nyeupe, na fundi kwa heshima ya marehemu, aliyemlisha kwa mkopo miaka mingi, alilichonga maua pembeni bila kulipwa. Watu walivaa vitambaa vyekundu na vyeusi vya misiba iliyopita, vinanuka kafuri, vingine vimebana pale wenyewe walipokuwa wamenenepa. Kondoo wa Kobina aliingia kwenye supu. Hapakuwa na spika, kwa hiyo mahubiri yalisikika, na ilipofika zamu ya kulia watu walisikiana wakilia. Pengo la waziri kama lilipungua siku ile hata kwa unene wa ukucha, hakuna aliyetangaza.

Saa saba mchana hapakuwa na kilichobaki kufanywa, jambo ambalo hakuna mtu wa ukoo ule aliyepata kuliona msibani. Hakuna aliyekuwa amesimama na daftari la michango mlangoni. Hakuna aliyekuwa jikoni akigombana juu ya nani kapewa paja. Walikaa tu kwenye viti walivyotoa majumbani, kivulini mwa ukuta, sahani magotini, hawajui waanzie wapi.

"Mnajua alishawahi kupotea siku mbili?" alisema Kwansima ghafla.

"Nani?"

"Dada. Araba ulikuwa bado tumboni. Kuna dereva wa lori la kakao alikula kenkey sita, akasema atalipa akirudi. Dada akamwambia, sawa, nitangoja. Akapanda juu ya magunia na sinia lake. Yule mwanamume anaendesha hajui. Anafika Tema bandarini, anashuka, anamkuta Tawia juu ya kakao, tumbo hili hapa, na dada anamwambia: umekwisha rudi?"

Nana Otabil alipaliwa supu. Ebo akampiga mgongoni.

"Alirudi na hela yake na jogoo. Shemeji yetu alikuwa amekwisha kwenda kuripoti polisi kwamba kakimbiwa."

Araba hakuwahi kuisikia hadithi ile. Alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, mengi, ya moto, ambayo kwa wiki tisa hayakupata nafasi kwa sababu ya jeneza na riba na vishikio vya rangi ya dhahabu. Sasa alimlilia mama yake, yeye peke yake, bila kitu kingine kuchanganyika ndani. Kobina akamsogezea kona ya kitambaa chake ajifute.

Kwansima akasita. "Niache?"

"Endelea, mama mdogo," alisema Araba, anajifuta. "Viti ni vyetu. Hakuna anayekuja kuvidai."